Siku Nguzo ya Mitwero Ilipomeza Kivuli Chake

Alhamisi, tarehe 23 Februari 2023. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua ya rasharasha, ikakatika kabla ya alfajiri. Kulipokucha upepo ulikuwa umelegea, majani ya minazi hayatikisiki, na upande wa bahari yalikaa mafungu ya mawingu meupe ambayo hayakuonesha nia ya kwenda popote. Kufika saa mbili asubuhi, joto la Lindi lilikuwa limeshawakalia watu mabegani.

Mwalimu Valeria Nandonde alisimama kwenye mlango wa jiko lake hapo Mitwero, akayatazama mawingu yale kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja siku isiyo yake. Alikunywa chai ya rangi tupu. Kwaresima ilikuwa imeanza jana yake, lakini ukweli ni kwamba hata ingekuwa Pasaka, tumbo lisingepokea kitu.

"Jua litakuwepo leo?" aliuliza mumewe, Jerome, akifunga kamba za viatu.

"Jua lipo siku zote. Ninaloliogopa ni wingu."

"Na Tawakali na kamati yake je?"

"Tawakali naye ni wingu tu," alisema Valeria, akachukua mkoba wake.

Wengi pale Mitwero wamepita mikononi mwa mwanamke huyu. Alizaliwa Kitangari, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, akasomea ualimu Mtwara, akaanza kazi Kikole, wilayani Kilwa, kisha akahamishiwa Lindi na hajaondoka tena. Ni mfupi, ana hatua za haraka, na tangu zamani ana desturi moja: mtoto akijibu swali kwa neno moja, humrudisha nyuma mpaka alitoe jibu lote kwa sentensi kamili. Desturi hiyo imewaganda watu hata ukubwani. Dereva wa bodaboda anayewapayukia abiria wengine "Wapi?" humwambia yeye, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kujua unakwenda wapi leo."

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa kwanza, darasa la sita, katika somo la sayansi. Valeria aliuliza kwa nini kuna usiku na mchana. Akasimama Sauda, binti mwenye akili nyepesi, akajibu bila kigugumizi: "Usiku na mchana hutokea kwa sababu dunia hujizungusha kwenye mhimili wake." Sentensi ilikuwa kamili, haina doa. Valeria akafurahi, akamuuliza kama ameshawaeleza wazazi wake nyumbani.

"Hapana, Mwalimu. Hiyo ni ya mtihani. Nyumbani jua ndilo linalotembea."

Darasa zima likacheka. Valeria hakucheka. Miaka yote amefundisha somo lile, amechora miduara na mishale ubaoni mpaka chaki zikaisha, na watoto wamefaulu. Kumbe walikuwa wakiliacha somo langoni mwa shule kila jioni, kama viatu vinavyoachwa nje ya mlango. Usiku ule hakupata usingizi wa maana.

Wiki ile ile Jerome alimtafutia bomba la chuma, wakalisimamisha kwenye uwanja mbele ya ofisi, refu kumshinda mtu mzima. Kila siku, kengele ya kigango cha Wakatoliki ilipogonga saa sita mchana, Valeria alifanya ishara ya msalaba, na mwanafunzi mmoja akaweka jiwe pale ncha ya kivuli ilipoishia. Mwanzoni kivuli kilikuwa kirefu, kimelala kuelekea upande wa Kilwa, kwa kuwa jua la mwezi wa kwanza linakuwa kusini, upande wa Mtwara. Kadiri siku zilivyokwenda kikafupika, na mawe yakaanza kuisogelea nguzo.

Lakini mawe hayakwenda moja kwa moja. Mstari wao ulipinda kuelekea pembeni mwa nguzo, upande wa magharibi, kama kundi la mbuzi lililokosa njia. Valeria akadhani nguzo imeinama. Akamwita baba yake Sauda, Tawakali, ambaye ni fundi mwashi na pia mwenyekiti wa kamati ya shule, aje na timazi yake aipime.

Tawakali alining'iniza kamba yenye risasi, akafumba jicho moja, akazunguka pande zote.

"Mwalimu, nguzo hii imenyooka kuliko baadhi ya wajumbe wa kamati yangu. Ya kazi gani?"

Hapo Valeria akaeleza. Katika atlasi ya shule Lindi iko karibu nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la mchana linakuja kusimama sawasawa juu ya utosi wa watu wa Lindi: mara moja wakati korosho zinaokotwa, mara ya pili wakati mahindi yanabeba. Mara hii ya pili, kwa hesabu aliyoipata kwenye jedwali la mwendo wa jua, ingekuwa tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa pili. "Siku hiyo, saa sita kamili, nguzo hii haitakuwa na kivuli."

Tawakali akacheka mpaka timazi ikayumba. Ni Mmwera, na tangu siku ya kwanza alimhesabu Mwalimu huyu Mmakonde kuwa mtani wake.

"Nyinyi Wamakonde mnachonga kila kitu. Sasa mnataka kuchonga na kivuli?"

Utani ulikuwa utani, lakini kwenye kikao cha kamati Tawakali alizungumza kwa dhati. Alisema watoto wanapoteza saa za masomo kwa kuchezea mawe juani, ilhali mtihani wa kumaliza shule mwakani hautauliza habari za bomba. Alitaka vipindi vile vya uwanjani vifutwe, virudi kuwa mazoezi ya mtihani. Mwalimu mkuu, Edwin, ambaye hapendi ugomvi, aliuliza nini kifanyike. Tawakali akajibu kwamba yeye ni mtu wa kuona. Siku iliyotajwa waje wazazi wote. Kivuli kikipotea kama Mwalimu alivyosema, nguzo ibaki na vipindi vibaki. Kivuli kikiwepo, nguzo ing'olewe siku hiyo hiyo.

"Nimekubali," alisema Valeria, kabla hata ya kuulizwa.

Ndiyo maana Alhamisi ile hakuweza kula.

Kufika saa tano na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja wazazi, walikuja akina mama wanaokaanga mihogo, waliegesha pikipiki zao vijana wa kituoni. Mariambai naye alivuka barabara kutoka dukani kwake. Huyu, aitwaye pia Mama Husain, ni mjane Mwislamu wa Kibohora ambaye ukoo wake umeuza vitambaa na vyombo Lindi tangu kabla ya babu yake. Alikuja na kiti chake cha plastiki na mwavuli mweusi mkubwa, akaketi mbele kabisa.

"Shikamoo, Mama Husain," alisema Tawakali.

"Marahaba, fundi. Hilo sururu la nini? Mwalimu kakwambia unachimba choo?"

"La kung'olea nguzo, mama. Nimekuja nimejiandaa."

Alikuwa ameliegemeza ukutani, mahali ambapo kila mtu angeliona. Valeria aliliona. Aliona pia kwamba Sauda amekaa mstari wa nyuma, akikwepa kumtazama baba yake na akikwepa kumtazama Mwalimu.

Mawingu yalipita juu mara mbili, yakaacha mwanga. Kengele ya kigango ikagonga.

Valeria alifanya ishara ya msalaba, midomo ikitembea kwa sala ya Malaika wa Bwana, macho yakiwa kwenye shina la nguzo. Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa shubiri moja na ushee, chembamba, cheusi, kimelala upande wa magharibi kwa raha zake kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Watu walinyoosha shingo kukitazama. Kisha mmoja akakohoa, na kicheko kikapasuka uwanja mzima.

"Mwalimu, naona kivuli hakikupata barua ya mwaliko!" alisema Tawakali.

"Kiambie kitoke kwa sentensi kamili!" alipaza sauti kijana mmoja wa bodaboda, na wale waliowahi kusoma kwake wakacheka kuliko wote.

Valeria alihisi damu ikimpanda masikioni. Miaka yake yote ya ualimu ilikuwa imesimama pale juani pamoja naye, na watoto wa darasa la sita walikuwa wakimtazama usoni kujua wafanye uso gani. Tawakali aliligeukia sururu. Hakuwa na furaha ya mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi jambo na sasa analitimiza.

"Subiri," alisema Valeria.

"Nisubiri nini tena, Mwalimu? Saa sita imepita."

Hakujua asubiri nini. Alijua tu kwamba kivuli kimelala magharibi, na kivuli hakilali magharibi kama jua halijabaki mashariki. Kwa hiyo jua lilikuwa bado halijafika. Lakini litachelewaje jua?

"Jamani, mnamcheka nini mwenzenu?" Sauti ilitoka chini ya mwavuli mweusi. Mariambai alikuwa akijipepea kwa kifuniko cha boksi. "Adhuhuri haijaingia. Jua lenyewe halijapinduka, nyinyi mnataka kivuli kifanye nini?"

Valeria akageuka taratibu. "Mama Husain, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini? Sala ya adhuhuri haisaliwi mpaka jua lifike juu kabisa, kisha lipinduke. Na siku hizi linapinduka baada ya saa sita na nusu. Mimi kengele yenu ikigonga ndipo ninapotia mchele kwenye sufuria. Adhana inaukuta wali umeiva, nauteremsha, nakwenda kutawadha. Kila siku iendayo kwa Mungu."

"Mwaka mzima ni hivyo?"

"Ah, mwaka mzima! Mwezi wa kumi ninapata taabu. Kengele ikigonga, adhana inaifuata mgongoni, wali bado mbichi. Mpaka niuzoee mwezi ule, umeshapita."

Valeria aliutazama mstari wa mawe uliopinda. Ameishi Mitwero miaka mingi kati ya sauti hizo mbili, kengele na adhana, na kila siku akazisikia moja baada ya nyingine. Siku zote aliamini kwamba msikitini wanachelewesha makusudi ili watu wapate kutoka kazini. Hata siku moja hakuwaza kwamba kengele yake inafuata saa ya ukutani, na adhana inafuata jua lenyewe. Ndiyo maana mawe yalikwenda upande. Nguzo haikuwa na kosa, na timazi ya Tawakali haikuwa na kosa.

Akaanza kucheka, peke yake, mkono ukiwa umeziba mdomo. Kisha akapanda kwenye ngazi ya ofisi.

"Wazazi wangu, nimekosea," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Tarehe sikukosea. Nimekosea saa. Naomba nusu saa tu na dakika chache."

"Nusu saa, halafu sururu?" aliuliza Tawakali.

"Nusu saa, halafu sururu. Ila wakati tukingoja nitakutumia wewe, Mwenyekiti. Njoo hapa katikati uwe dunia."

Watu waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi. Hakuna aliyetaka kukosa kumwona Tawakali akiwa dunia.

"Mimi ni jua," alisema Valeria. "Sitembei. Wewe geuka taratibu hapo hapo uliposimama. Ukinitazama, usoni kwako ni mchana na kisogoni ni usiku. Geuka. Sasa je?"

"Sasa mchana uko kisogoni."

"Nani ametembea, mimi au wewe?"

Tawakali akageuka tena, akarudi kumtazama. "Endelea, Mwalimu," alisema.

"Dunia inageuka kuelekea mashariki. Kwa hiyo walio mashariki wanalikuta jua kwanza, na sisi baadaye. Saa tunazovaa mkononi ni moja kwa nchi nzima, na zimepimwa kwa mstari unaopita baharini, mbali huko mashariki kupita Komoro. Walioko kwenye mstari ule wameshalikuta jua. Sisi tunaletwa na mzunguko, tunafika nyuma yao. Wa Kigoma watafika nyuma yetu sana, na saa zao zinasoma sawasawa na zetu."

"Na huo mwezi wa kumi wangu?" aliuliza Mariambai. "Lindi haihami."

"Lindi haihami, mama. Lakini dunia katika safari yake ya kulizunguka jua haiendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima, tena imeinama, kwa hiyo kuna miezi jua linakuja nyuma ya saa na miezi linakuja mbele. Hilo nilikuwa nimelisoma. Sikujua kama liko kwenye sufuria yako."

Aliazima mwavuli wa Mariambai, akaukunja, akafunga utepe kwenye mpini, chini kidogo ya katikati, akasema pale ndipo Lindi. Akampa Tawakali.

"Ncha ya juu ielekee Kilwa. Iinamishe kidogo, usiisimamishe kama fimbo ya mhubiri. Sasa nizunguke, na ncha isiache kuelekea Kilwa hata kidogo."

Tawakali alianza kuzunguka, lakini kila alipopiga hatua chache ncha iligeuka na kumwelekea Valeria.

"Kilwa, dunia, Kilwa!" walipiga kelele watoto.

"Wewe dunia umelewa?" aliuliza Mariambai. "Na usinivunjie mwavuli wangu, miavuli ya mwaka huu ina vyuma kama vya karatasi."

Mara ya tatu akaweza. Aliposimama upande wa barabara iendayo Kilwa, ncha iliinama ikamkimbia Valeria, na mpini wenye utepe ukamsogelea.

"Hapo ni mwezi wa kumi na mbili," alisema Valeria. "Nusu yetu ya dunia imelielekea jua. Kwetu kiangazi kinamalizika, mvua zinaanza, na joto linapika mtu. Zunguka uje upande wa Mtwara. Sasa ncha imeniinamia, na Lindi imenipa kisogo. Huo ni mwezi wa sita. Kipupwe. Nini kinachanua kwetu mwezi wa sita?"

"Mikorosho inachanua mwezi wa sita!" walijibu watoto kwa pamoja, sentensi nzima.

"Ngoja kwanza," alisema Tawakali, jasho likimtiririka. "Mimi nilijua joto la mwezi wa kwanza ni kwa sababu jua limetukaribia."

"Ni kweli kwamba mwezi wa kwanza dunia iko karibu na jua kuliko miezi mingine, ingawa ukaribu wenyewe ni mdogo. Lakini kama ukaribu ndio unaoleta joto, dunia nzima ingepata joto pamoja. Mama Husain, mwanao Husain mwezi wa kwanza yuko wapi?"

"Yuko Uingereza. Ananipigia simu amevaa koti mpaka kitandani, pua nyekundu kama pilipili. Mimi huku najipepea, yeye kule anatetemeka."

Tawakali alitazama ncha ya mwavuli, akatazama utepe, akaurudisha mwavuli kwa mwenyewe bila kutoa utani wowote. Wale waliomfahamu walijua hilo si jambo dogo.

Hapo mwanga ukazimika.

Wingu lilikuwa limekuja kutoka baharini bila kuaga, pana kama shuka. Uwanja ukawa na rangi moja. Nguzo haikuwa na kivuli, na mtu hakuwa na kivuli, na hata kuku wa nyumba ya jirani hakuwa nacho. Mwalimu mkuu Edwin alitazama saa yake mara mbili. "Basi si kimepotea?" alinong'ona kwa matumaini.

"Hapana, Mwalimu mkuu," alisema Valeria. "Hivyo sitaki."

Alisimama mikono ikiwa imeshikana mgongoni. Dakika zilikuwa zinakwenda. Wingu likisimama pale robo saa nyingine, siku yake ingepita, na nguzo isingesubiri mpaka msimu wa korosho. Tawakali mwenyewe alikuwa ameinua uso juu, kofia mkononi, akilikazia macho lile wingu kama mtu anayeomba liondoke, na huenda hakujua kwamba anafanya hivyo.

Upepo kidogo ukapita. Ukingo wa wingu ukang'aa, kisha jua likamwagika lote kwa mara moja, zito, moja kwa moja vichwani.

Kila mtu alitazama chini.

Nguzo ilikuwa imesimama peke yake. Hapakuwa na kivuli magharibi, hapakuwa na kivuli mashariki, wala upande wa Kilwa, wala wa Mtwara. Mchanga ulikuwa mweupe pande zote za bomba. Tawakali alipiga magoti, akapitisha kiganja kuizunguka nguzo yote kama mtu aliyedondosha sarafu. Akatoa timazi mfukoni, akaishika juu ya mchanga; kamba nayo haikuwa na kivuli, ila risasi chini ilikuwa na doa dogo jeusi lililojificha chini yake.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nguzo imekikanyaga," alisema Valeria.

"Na mimi changu nimekikalia!" alisema Mariambai, ameinuka nusu kutoka kwenye kiti ili ahakikishe. Watoto walianza kurukaruka, kila mmoja akitafuta kivuli chake na kukikuta kimejikusanya miguuni kama paka. Mwanamke mmoja alisimamisha ndoo yake, akacheka, akaisogeza, akacheka tena.

Ndipo adhana ya adhuhuri ilipoanza. Kwenye mchanga, upande wa mashariki wa nguzo, ukajitokeza ukingo mwembamba mweusi, mwembamba kuliko ukucha. Jua lilikuwa limepinduka.

Valeria alisubiri adhana imalizike. Kisha akasema jambo ambalo watu wa Mitwero bado wanalirudia, kila mmoja kwa namna yake. Alisema kwamba Husain huko Uingereza anaweza kuishi miaka mia na asione hata siku moja kile walichokiona wao leo, kwa sababu Ulaya yote jua halijawahi kusimama utosini mwa mtu. "Sisi linatupitia mara mbili kwa mwaka," alisema, "na tulikuwa tunalalamikia joto tu."

Makofi yalipigwa. Tawakali alijifuta magoti, akaliendea sururu. Watu wakashtuka. Akalibeba begani, akarudi mpaka mbele ya ngazi.

"Mwalimu, hili nililikusudia kung'olea. Lakini shimo la nguzo hii ni la kitoto, halina hata kokoto. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakuja kulichimba upya na kulitia zege, ili siku nyingine usisingizie imeinama."

"Ahsante, mtani wangu."

"Usinishukuru. Umenizungusha juani na funga zangu za Shaabani." Kisha akageuka, akatafuta kwa macho mstari wa nyuma. "Sauda! Leo jioni utatueleza nyumbani, mimi na mama yako. Yote. Na ule mwavuli utauazima."

"Nitawaeleza yote jioni, baba," alisema Sauda. Safari hii alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yakicheka.

Jioni ile Valeria alikula kama watu watatu. Jerome alitaka asimuliwe tangu mwanzo, na Valeria akamsimulia tangu mwanzo, pamoja na kicheko cha saa sita kamili, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye wali wa Mariambai, wote wawili walicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kesho yake, Ijumaa, mbingu ilikuwa safi. Valeria alifika shuleni kabla ya wanafunzi wa zamu kuanza kufagia. Alisimama karibu na nguzo, akampigia simu Rosemary, waliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha Miteja, huko Kilwa.

"Rosemary, jua liko njiani linakuja kwenu," alisema. "Jumatatu litakuwa juu yako. Simamisha nguzo iliyonyooka, ita wazazi wote, wala usimwogope yeyote. Ila kwa upande wa saa, usiisikilize kengele. Muulize mwadhini wa hapo Miteja adhuhuri inaingia saa ngapi, kisha utangulie kidogo."

Alimsikiliza Rosemary akiuliza maswali, akayajibu moja moja. Kisha akakata simu, akachukua jiwe la siku hiyo, akaingia darasa la sita.